Pongezi kwa Wapigapicha wa Magari ya Kale

Mbio za magari za Safari Rally zilianza mwaka 1953, na Eldoret ni miongoni mwa miji ya Kenya iliyopitiwa na magari yake. Tangu 2003, mbio za Safari Classic zimerudisha barabarani magari ya kale, kama Datsun, Ford Escort na Porsche 911.

Mpigapicha wa mbio hizi hufika mapema, akasimama mahali palipoinuka, upande wa ndani wa kona, kwani gari likiteleza hutupwa nje. Kasi ya shata ya sekunde 1/1000 hunasa kokoto zikiwa hewani. Kwa 1/60, kamera ikifuata gari, mandhari hugeuka michirizi. Kati ya gari na gari, mpigapicha hufuta vumbi kwenye lenzi. Bila kazi yake, historia ya mbio ingebaki masimulizi matupu; kwa hiyo anastahili pongezi.