Ustadi wa Chaki

Mtoto wa Myanga, huko Bungoma, siku aingiapo darasa la kwanza na daftari jipya mkononi na kaptura iliyomzidi kimo, huwa tayari ni mjuzi wa sarufi, ijapokuwa hakuna mtu aliyepata kumtajia neno hilo. Katika Lubukusu, lugha ya nyumbani kwake, hajakosea hata mara moja kwamba "omwana" mmoja akipata wenzake huwa "babana", wala kwamba "kumusala" ukiota pamoja na mingine huwa "kimisala". Na kwa umbo la kitenzi peke yake hutenga lililotukia leo asubuhi na lile la zamani za babu yake. Sokoni, penye wauza mahindi na wapakia miwa, ameokota Kiswahili pia, na akisema "watoto wawili wazuri wamekuja", ile alama ya "wa" hupita mlango kwa mlango, hata pasibaki neno lisilopigiwa hodi. Kwa mwanachuoni huyu mdogo ndipo mwalimu huja na Kiingereza. Na huyo mwalimu wa mwanzo kabisa, ambaye aghalabu hatajwi siku wanafunzi wake wanapovikwa majoho, ndiye ninayetaka kumsifu.

Asubuhi moja niliketi nyuma ya darasa, katika shule ya mabati isiyo mbali na soko, nikamtazama mmoja wa walimu hao akifanya kazi. Aliandika ubaoni "The boy runs", na chini yake "The boys run", kisha akatua. Hakutaja nomino wala kitenzi, hakutaja umoja wala wingi. Alichukua chaki nyekundu akaizungushia duara ile "s" ya juu, akaizungushia na ya chini, akasimama kando kama mtu aliyeegesha mlango akingoja mgeni aingie mwenyewe. Palipita kimya kirefu. Binti mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona hiyo herufi inahama?"

"Inahama, mwanangu, kwa kuwa nyumba hizi mbili zina jembe moja. Likiwa kwa jirani, kwako halipo."

Nakiri kwamba mfano huo una kasoro zake. Wako "children", walio wengi bila ya kuazima jembe la mtu. Yuko "I", aliye mmoja na jembe hapewi. Mwalimu aliyajua hayo yote, na hakuyasema. Hapo ndipo nilipouona ustadi wake waziwazi. Kaida za Kiingereza zimejaa vitabuni, na yeyote mwenye macho aweza kuzisoma kwa sauti mbele ya watoto. Lakini kulitambua lile moja ambalo leo litaingia, na kuyazuia mengine tisa yasimsonge mwanafunzi mlangoni, kunataka subira ya mfinyanzi, ambaye huinua ukuta wa chungu kidogo, akauacha ushike, ndipo akauongeza.

Tena mfano wa jembe haukutoka hewani. Katika Lubukusu na Kiswahili mzigo wa maana hugawiwa wote, kila neno likabeba fungu lake. Kiingereza, kwa sehemu kubwa, humtwika mmoja na kuwaacha wenzake watembee mikono mitupu. Huenda ndiyo sababu mtoto wetu husema "Did he went?", na asemapo hivyo hakosi akili, bali ana adabu za nyumbani kwao, ambako hakuna aachiwaye mzigo peke yake. Mwalimu yule alimweka msichana mmoja mbele ya darasa na debe la maji kichwani, akamwita "did". Mvulana aliyekuwa "went" akaambiwa ashushe lake, na alipolishusha akaitwa "go". Hawakuhitaji ufafanuzi wa pili.

Kwa "a" na "the" kazi ni ngumu zaidi, kwa maana lugha zetu hazina vijineno hivyo, na wengi huvifundisha kama pilipili ya kunyunyiza popote. Lakini Kiswahili kina njia yake ya kumjulisha msikilizaji kwamba kitu kinachotajwa anakijua: tukisema "nimenunua kitabu", kitabu chaweza kuwa chochote, tukisema "nimekinunua kitabu", kile "ki" kimekwisha kutuonyesha kwamba ni kile tulichokizungumza jana. Mwalimu anayeanzia hapo humwonyesha mtoto kwamba hana upungufu wowote, ila fikira aliyo nayo siku zote imevaa nguo nyingine. Katika "he" na "she", walakini, sioni faida ya kaida yoyote, kwa kuwa "a" yetu hututosha kwa baba na kwa mama. Hapo dawa ni mazoea, hadithi na nyimbo, hata sikio lizoee.

Iko na njia nyingine, ya kumpa mwanafunzi makosa ayasahihishe. Lindley Murray, mwanasheria mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia Uingereza, alikuwa Mkweka, na mwaka 1795 alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza kwa ajili ya shule ya wasichana ya Wakweka mjini York. Jamaa ya dini hiyohiyo, safari hii kutoka Marekani, ilifika Kaimosi mwaka 1902, na shule zao zikaenea hata nchi ya Wabukusu. Murray alifuatisha kitabu cha mazoezi mwaka 1797, kilichojaa sentensi mbovu ili wanafunzi wazitengeneze, na desturi hiyo ingali hai katika mitihani yetu. Kwa mwenye kujua, zoezi hilo lina manufaa. Kwa anayeanza naliona ni dhuluma, kwani jicho changa halijui kipi ni cha kutupwa, huhifadhi vyote. Lakini haifikii dhuluma ya kile kibao tulichovishwa shingoni, katika shule niliyosoma mimi, kila tuliponaswa tukisema lugha ya mama zetu. Tulikatazwa msingi, kisha tukaulizwa kwa nini nyumba haisimami.

Nilirudi katika darasa lile alasiri, na mvua ya Bungoma, ambayo haina haya, ikaangukia mabati kwa kishindo hata sauti ya mwalimu ikapotea kabisa. Hakuacha somo. Kwa kuwa sasa walikwisha kuijua ile "s" inayohama, aliandika "The girls sings", akainua chaki juu na kuwatazama. Yule binti wa dawati la pili akaenda ubaoni, akaifuta "s" ya mwisho kwa kiganja, akasimama akifikiri. Kisha akaifuta na ya "girls", akairudisha ile aliyoifuta kwanza, akageuka kumtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akamwashiria kwamba mara ya kwanza pia alikuwa sahihi, akampa chaki aziandike zote mbili.