Stelingi na Wakorofi: Namna ya Kupima Katuni ya Kikosi

Namungo, klabu ya Ruangwa, hujulikana kwa jina la Wauaji wa Kusini, na sijaona mzazi aliyemkataza mwanawe kulipaza jina hilo uwanjani. Lakini mpe mtu yuleyule kitabu cha katuni, swali lake la kwanza litakuwa: stelingi ni nani? Vibanda vya video vilitufunza kwamba stelingi hafi na adui hapati nafuu. Kwa saa mbili za kukaa kwenye benchi la mbao kanuni hiyo inatosha. Kwa kupima katuni yenye kundi zima la wahusika, haifai kitu.

Mimi nina maswali mawili, na yanapishana. Kikosi cha watu wema nakiuliza kinagawanywa na nini. Kikosi cha wakorofi nakiuliza kinashikwa na nini. Kuwaweka wema pamoja si kazi. Mwandishi yeyote anaweza kuwapanga mstari mmoja wakitabasamu. Kuwafarakanisha wakorofi nako si kazi. Ufundi huonekana pale kundi linapolazimika kufanya lisilolizoea.

Chukua Fantastic Four ya Stan Lee na Jack Kirby, toleo la kwanza, 1961. Hawana hata sare. Sare zilikuja toleo la tatu. Wanaruka na roketi, miale ya angani inawapiga, na Ben Grimm, rubani aliyeonya mapema kuhusu miale hiyohiyo, ndiye anayegeuka dude la kutisha. Sasa anatakiwa kuokoa dunia bega kwa bega na kiongozi wa safari ile, mtu aliyemponza. Kinyongo hicho ndicho kinachokipa kitabu uhai, kuliko ngumi zote. Ukikuta kikosi cha mashujaa ambamo hakuna anayemdai mwenzake chochote, rudisha kitabu mezani.

Upande wa pili weka Suicide Squad ya John Ostrander, iliyoanza 1987. Wafungwa wanatumwa kazi za hatari na serikali ili wapunguziwe kifungo, na mkononi wamevishwa bangili inayolipuka mtu akitoroka. Katika toleo la tisa, Captain Boomerang anamshawishi mwenzake, Slipknot, kwamba bangili zile ni danganya toto. Slipknot anajaribu, na mkono unaondoka. Boomerang alitaka tu kujua kama vitu hivyo vinafanya kazi, akapata jibu kwa mkono wa mwingine. Tukio moja, na tayari tumejua kamba ya kundi ni ipi na nani si wa kupewa kisogo. Waigaji wengi waliofuata walichukua bomu wakamwacha Boomerang, ndiyo maana vitabu vyao vina milipuko mingi na mshtuko haba.

Huku kwetu wakorofi walikuwepo hata kabla Ostrander hajawakusanya wafungwa wake. Mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki 1986, alishawachora Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika gazeti la Sani. Wale hawakuhitaji bangili. Kilichowashika ni mji wenyewe: miaka ile sukari na sabuni zilikuwa za foleni, starehe zinaita, na mjanja wa peke yake hafiki mbali. Tena hawatubu, na kwangu hiyo ni alama kubwa. Mkorofi anayeongoka ukurasa wa mwisho ametungwa na mtu mwenye hofu ya wasomaji wake. Dosari za kurasa zile zipo pia, na kubwa ni kwamba mara nyingi mwanamke amechorwa kama umbo la kutazamwa, hana hila yake mwenyewe. Genge lililokosa mwanamke mjanja limekosa nusu ya mji.

Nachingwea nayo ina la kufundisha kuhusu shujaa na mkorofi. Hapa ndipo FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilipokuwa na kambi yake kuu ya mafunzo, na hapa kiongozi wake, Samora Machel, alianzia safari yake ya 1975 kwenda kuupokea uhuru wa Msumbiji. Kambi ilitaka shujaa wa pamoja: nidhamu, jembe, bunduki, asiwepo wa kumzidi mwenzake. Mwaka uliofuata idara ya propaganda ya chama ikamtoa Xiconhoca, katuni ya mlanguzi, mlevi, mvivu na mzushi. Kwa uchoraji tu, huyu amechangamka kuliko mashujaa wengi wa mabango, ambao nyuso zao hufanana kama noti mpya. Lakini asikuhadae ukamweka fungu moja na Lodi Lofa. Njaa ya Lodi Lofa tunaijua, tunamcheka tukijicheka. Xiconhoca alichorwa ili msomaji amtafute kwa jirani.

Sasa mkono wa mchoraji. Kabla ya kulipa, ziba vichwa vyote kwa kiganja. Mabega, tumbo na mikono vikuambie nani ni nani. Kama wote wamebaki kifua kimoja, mchoraji ana mhusika mmoja na kofia sita. Kisha fanya kinyume, soma maneno ya kwenye viputo bila kutazama picha. Wakorofi hasa hawapaswi kuongea sauti moja, kwani kila mmoja ana uongo wake. Karatasi mbaya isikuzuie. Sani lilisomwa kwenye karatasi ya gazeti, na mstari uliokomaa huvumilia wino kuvuja.

Anayetaka kujaribu macho kwa bei nafuu aazime katuni ya Shujaaz, iliyoanza Kenya 2010 na kuingia Tanzania 2015. Vijana wake hawana nguvu za ajabu wala makosa makubwa; wana shida za pesa na ndoto za biashara, kwa hiyo maswali yangu yote mawili yanawahusu. Mpe mwandishi alama pale kijana anapowaficha marafiki hasara yake. Mkate alama pale ushauri unapokijaza kiputo hadi uso wa msemaji ukasukumwa pembeni ya kisanduku.