Hadithi Isiyo na Mwisho Inapokoma: Tamthilia za Mchana za Marekani na Suala la Wakati

Tarehe 17 Septemba 2010, tamthilia ya mfululizo iitwayo As the World Turns ilifikia kikomo baada ya kuonyeshwa na kituo cha CBS nchini Marekani tangu 2 Aprili 1956. Tungo hiyo ilikuwa imefunguliwa kwa salamu ya asubuhi ambayo mhusika Nancy Hughes alimpa mumewe. Ilifungwa kwa maneno ya kuagana usiku yaliyotamkwa na mwana wao, Daktari Bob Hughes, alipokuwa akiondoka ofisini mwake kwa mara ya mwisho. Baina ya asubuhi ile na usiku ule ilipita miaka 54. Muda huo, wala si kisa chochote kimoja, ndio uliokuwa kiini cha tungo yenyewe.

Kuanguka kwa tamthilia za mchana kumeelezwa mara nyingi kwa misingi ya kiuchumi na kijamii. Wanawake wengi waliingia katika ajira za nje ya nyumba. Vituo vya televisheni viliongezeka. Matangazo ya kesi ya O. J. Simpson mwaka 1995 yalivikatiza vipindi vya mchana kwa miezi kadhaa. Na vipindi vya mazungumzo vilidhihirika kuwa na gharama nafuu. Sababu hizi zina uzito, lakini hazimtoshelezi mhakiki. Zinaeleza kwa nini watazamaji walipungua, wala hazielezi ni nini kilichopotea. Makala haya yanadai kwamba kilichopotea ni uhusiano mahususi baina ya wakati wa hadithi na wakati wa hadhira, na kwamba utanzu wenyewe ulianza kuudhoofisha uhusiano huo kabla hadhira haijatawanyika.

Utanzu huu ulizaliwa redioni katika miaka ya 1930, na hata jina unalojulikana nalo kwa Kiingereza lilitokana na sabuni za makampuni yaliyoudhamini. Guiding Light, tungo ya Irna Phillips, ilianza redioni mwaka 1937, ikahamia televisheni mwaka 1952, na kukoma mwaka 2009. Shabaha ya wadhamini ilikuwa kuuza bidhaa, na hapana haja ya kulificha jambo hilo. Hata hivyo, Phillips alitambua kwamba hadhira yake ilisikiliza huku ikipika na kupiga pasi, na akaijenga fani yake juu ya hali hiyo. Takriri ambayo wahakiki wengi waliidharau ilimwezesha aliyekosa kipindi kuushika uzi tena. Mwendo wa taratibu uliifanya Krismasi ya wahusika iangukie Krismasi ya watazamaji.

Matokeo ya mbinu hii yanaonekana zaidi katika usawiri wa wahusika. Helen Wagner, aliyeigiza kama Nancy siku ya kwanza ya As the World Turns, alikuwa angali na nafasi hiyo, licha ya vipindi vya kutokuwapo, alipofariki Mei 2010. Riwaya huweza kusimulia uzee kwa kurasa chache. Hapa mwigizaji, mhusika na mtazamaji walizeeka pamoja. Mazoea hayo yalikuwa na nguvu ya kimaadili pia. Mwaka 1962 Agnes Nixon, mwandishi aliyefunzwa kazi na Phillips, alimfanya mhusika Bert Bauer wa Guiding Light apatikane na saratani ya kizazi, ili wanawake wahimizwe kwenda kupimwa. Onyo hilo halikutolewa na mgeni. Lilitoka kwa mtu ambaye hadhira ilikuwa imemfahamu kwa zaidi ya miaka kumi.

Msomaji wa fasihi simulizi hatashangazwa na utanzu uliofungamana na saa maalumu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ngano zilitambwa jioni, na palikuwapo miiko dhidi ya kuzitamba mchana. Saa ya utambaji ilikuwa sehemu ya fani, kwani ndiyo iliyoikusanya hadhira na kuipa utulivu wa kusikiliza. Tofauti ni kwamba hadhira ya tamthilia za mchana haikukutana mahali pamoja. Saa ndiyo iliyokuwa uwanja wake.

Uhusiano huo ulianza kulegea wakati utanzu ulipokuwa ukishamiri. Kuanzia mwaka 1975 tamthilia kadhaa zilirefushwa kutoka nusu saa hadi saa nzima kwa siku, zikahitaji visa vingi zaidi vya kuijaza. Mwaka 1981 General Hospital ilisimulia njama ya kuugandisha ulimwengu kwa mtambo wa kutawala hali ya hewa, na arusi ya Luke na Laura, Novemba mwaka huo huo, ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Ufanisi huo ulikuwa na gharama yake. Taharuki ya matukio makubwa ilianza kuchukua nafasi ya mazoea, na marejeo ya mara kwa mara ya wahusika waliodhaniwa wamekufa yakakipunguzia kifo uzito. Hadhira iliyozoeshwa kungoja tukio kubwa haina sababu ya kuja siku isiyo na tukio.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na All My Children, tungo ya Nixon iliyoanza mwaka 1970. Kipindi chake cha mwisho katika kituo cha ABC, tarehe 23 Septemba 2011, kiliishia kwa mlio wa bastola na giza, bila kubainisha aliyepigwa. Tungo ilikataa kuhitimishwa, na kwa kukataa huko ilibaki aminifu kwa kaida zake. Mwaka 2013 ilifufuliwa kwenye intaneti, lakini muda si muda vipindi vipya vikapunguzwa kutoka vinne hadi viwili kwa juma, kwa kuwa watazamaji wengi walikuwa wakivilimbikiza na kuvitazama kwa mkupuo. Mwaka huo haukuisha kabla ya mradi huo kukwama. Hadithi na waigizaji wengi walikuwa wamerudi. Saa ya pamoja haikurudi.

Itapingwa kwamba Days of Our Lives, iliyoanza mwaka 1965, iliondolewa NBC mwaka 2022 na kupelekwa katika huduma ya intaneti ya Peacock, na bado ikaendelea; na kwamba CBS ilianzisha tungo mpya, Beyond the Gates, Februari 2025. Pingamizi hili linafaa kuzingatiwa. Lakini Days of Our Lives ilihamia huko pamoja na desturi ya kutoa kipindi kipya kila siku ya kazi, na Beyond the Gates nayo ilianza kwa desturi iyo hiyo. Mifano hiyo inaonyesha kwamba chombo kinaweza kubadilika iwapo mwendo wa siku utahifadhiwa.

Uhakiki unaodai msuko wenye mwanzo, kati na mwisho uliziona tamthilia hizi kuwa tungo zilizoshindwa kukamilika. Kipimo hicho hakikuzifaa. Tungo iliyokusudiwa kuandamana na maisha ya hadhira yake ipimwe kwa uaminifu wa maandamano hayo, na kwa kipimo hicho kosa kubwa la tamthilia za mchana halikuwa kurefuka kupita kiasi. Lilikuwa kuanza kuionea haya siku ya kawaida, ambayo ndiyo iliyokuwa maudhui yao halisi.