Heko kwa Wenye Maduka ya Muvi

Kabla ya intaneti ya nyumbani kuenea Eastlands, Nairobi, vijana wengi wa Tena, Umoja na Donholm walimjua Naruto, shujaa wa katuni za Kijapani (anime), kupitia kwa mwenye duka la muvi. Huyu anastahili pongezi, na ni nadra kuzipata.

Duka lenyewe ni kijichumba cha ghorofa ya chini: kompyuta moja, spika inayonguruma, ukuta uliojaa makava ya DVD. Unampa flashi, anakuuliza uliishia sehemu ya ngapi, anakuwekea zinazofuata. Si kazi ndogo. Naruto ya kwanza ina sehemu 220, na mwendelezo wake, Shippuden, iliyoanza 2007 na kumalizika 2017, ina 500. Mwenye duka hodari hukuambia zipi ni za kujaza muda tu, uziruke, na zipi usithubutu kuzikosa.

Ubishi wa mtaani kuhusu mashujaa wa anime nao haujaisha: Goku wa Akira Toriyama au Luffy wa Eiichiro Oda, nani zaidi? Mimi namshikilia Goku. Toriyama alipofariki Machi 2024, wapo waliomlilia huku mtaani ambao walimfahamu kwa DVD za kuchomwa.

Ni kweli, nakala hizo hazikumpa mchoraji hata ndururu, na hilo halisifiwi. Lakini ujuzi wa kuchagua, na moyo wa kumhudumia mtoto mwenye sarafu chache, ni wa wenye maduka. Wewe uliyekulia kwenye duka hilo na sasa una kipato, nunua nakala halali. Na ukipita Tena, mpe mwenye duka shukrani zake.