Sauti ni ya Nani? George Michael na Wenye Makampuni ya Santuri

Wako makada ambao, wakitajiwa mwimbaji wa Kiingereza wa muziki wa vijana, hufunga mjadala kwa neno moja tu: kasumba. Neno hilo si la uongo, lakini halitoshi. Anayetaka kuuelewa ubepari wa ukiritimba hana budi kuutazama pia pale unapovaa nguo za kumetameta na kupiga gitaa. Kwa sababu hiyo nimechagua kuzungumzia kazi ya George Michael, kwanza katika bendi ya Wham!, kisha akiwa peke yake. Yeye alifanya jambo ambalo waimbaji wa cheo chake hulikwepa: aliishitaki kampuni iliyomtajirisha, na akashindwa.

Alizaliwa London mwaka 1963, akapewa jina la Georgios Kyriacos Panayiotou. Baba yake alitoka Cyprus wakati kisiwa hicho kikiwa bado koloni la Uingereza, akafanya kazi katika mikahawa mpaka akawa na wake mwenyewe. Huo ndio msingi wake wa kitabaka. Hakuwa mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, wala wa bwanyenye mkubwa. Alikuwa mtoto wa mwenye mali mdogo, yaani tabaka linaloamini kwamba kila mtu anaweza kupanda ngazi akijitahidi, na kwamba asiyepanda ajilaumu mwenyewe. Imani hiyo tutakutana nayo tena.

Wham! iliundwa mwaka 1981 na vijana wawili waliosoma shule moja, yeye na Andrew Ridgeley. Mwaka uliofuata, chini ya serikali ya Thatcher, wasio na kazi katika Uingereza walizidi milioni tatu. Wimbo wao wa kwanza, Wham Rap!, ulimhusu kijana wa namna hiyo hiyo, anayeishi kwa posho ya serikali. Lakini kijana huyo halalamiki. Anajigamba kwamba hana bwana wa kumwamrisha. Wapo walioona humo ukaidi wa kitabaka. Mimi naona ukaidi nusu. Mwaka 1983 ukatoka Club Tropicana, na filamu yake fupi ikapigwa kando ya bwawa la kuogelea la hoteli huko Ibiza. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, kijana asiye na kazi amekwisha hamishiwa kwenye kiti cha jua na kinywaji mkononi, bila kuelezwa amefikaje pale. Inasemekana ulikuwa mzaha. Basi mamilioni ya wanunuzi hawakuambiwa kuwa ni mzaha.

Hata hivyo tusimwonee. Septemba 1984, wachimba makaa ya mawe walipokuwa katika mgomo wao mkubwa na magazeti ya mabepari yakiwaita maadui wa taifa, Wham! walipanda jukwaani katika ukumbi wa Royal Festival Hall kuwachangia fedha. Walikuwa wakipendwa na wasichana wa shule, na hawakuhitaji kujiingiza katika ugomvi ule. Mapato yao ya wimbo wa Last Christmas waliyatoa kwa wenye njaa wa Ethiopia. Na Juni 11, 1988, katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la kumbukumbu ya miaka 70 ya Mandela aliyekuwa bado gerezani, George Michael aliimba nyimbo za wanamuziki weusi wa Marekani na akaziacha zake zilizokuwa zikiuzwa sana wakati ule. Hiyo ni heshima ambayo kada mkweli ataitambua.

Sasa tuingie katika kiini, nacho ni mkataba.

Mkataba wa kwanza Wham! waliutia saini mwaka 1982, wakiwa vijana wasiojua biashara, na kampuni ndogo iitwayo Innervision. Masharti yalikuwa mabovu, na mwaka uliofuata, japokuwa nyimbo zao zilikuwa zikisikika kila mahali, wao wenyewe walikuwa hawana kitu. Wakaanza kupigania kutoka, na mwaka 1984 yakafikiwa maafikiano: wahamie Epic, tawi la kampuni kubwa ya CBS. Lakini CBS ndiyo iliyokuwa nyuma ya Innervision tangu mwanzo! Walitoka kwa mchuuzi wakaingia kwa tajiri aliyempa mchuuzi mtaji. Wham! ilivunjwa mwaka 1986 kwa onyesho moja kubwa uwanjani Wembley. Mwaka 1987 ikatoka albamu ya Faith, ambayo nakala zake zilizouzwa duniani zimepita milioni 20.

Mwaka 1988 yalitokea mambo mawili. Sony ya Japani iliinunua CBS Records kwa dola bilioni mbili; na George Michael akapata mkataba mpya wenye malipo bora, lakini wenye kumfunga kwa albamu nane, muda ambao ungeweza kufika mwaka 2003. Mwimbaji aliyeingia na Wamarekani akajikuta ni mali ya Wajapani, kama kibarua ambaye shamba limeuzwa naye akiwa ndani. Huo ndio umataifa wa mtaji: hauulizi sauti inatoka nchi gani.

Ni vema tueleze jinsi mkataba wa namna hii unavyofanya kazi, maana vijana wengi wanaotamani kurekodi hawaujui. Kampuni humpa mwimbaji fedha za kutangulia na hulipia gharama za studio. Baadaye hujirudishia fedha hizo kwa kukata mrabaha wa mwimbaji, yaani ile sehemu ndogo anayopewa kwa kila nakala inayouzwa. Anapokwisha kulipa deni lote, kanda alizorekodi bado si zake. Ni za kampuni. Mkulima anayekopeshwa jembe, akalilipa kwa mavuno yake, kisha akaambiwa jembe ni la mkopeshaji na shamba pia, atafahamu hesabu hii bila kupelekwa semina.

Zaidi ya sauti, kampuni ilikuwa ikiuza sura: miwani, jaketi la ngozi, ndevu za siku mbili. Sura hiyo iliuzwa kwa wasichana, na mwenyewe alificha mpaka mwaka 1998 kwamba mapenzi yake yalikuwa kwa wanaume. Mwaka 1990 alitoa albamu ya Listen Without Prejudice Vol. 1 akakataa kuonyesha uso wake katika filamu za kuitangaza. Ilinunuliwa kidogo kuliko Faith, naye akadai kwamba Sony haikuitangaza ipasavyo. Kesi ikasikilizwa katika Mahakama Kuu ya London kuanzia Oktoba 1993. Mawakili wake walidai kuwa mkataba ulizuia uhuru wa mtu kufanya biashara yake. Juni 1994 Jaji Jonathan Parker alitoa hukumu: masharti yalikuwa ya haki, mwimbaji alishauriwa na mawakili wake, alijadiliana upya, akapokea fedha.

Kwa sheria ya nchi ile, sioni kwamba jaji alipotoka. Katika sheria ya kibepari mwenye mtaji na mwenye nguvu kazi hukutana sokoni kama watu wawili sawa, kila mmoja na kalamu yake. Kwamba mmoja ana viwanda, maghala na njia za kufika redioni dunia nzima, na mwingine ana koo lake tu, hilo si swali la mahakama.

Baada ya hukumu George Michael aliufananisha mfumo huo na utumwa wa kikazi, akieleza kwamba msanii hana hata haki ya kujiuzulu. Hapa napingana naye. Watumwa walionyakuliwa katika bara hili hawakupata mamilioni ya paundi, wala mawakili. Tena huyu hakuwa mfanyakazi mtupu. Katika studio ile ile wapo wapiga ala wa kukodishwa ambao hulipwa ujira wa siku na kwenda zao, hata kama mlio wa ala yao ndio utakaokumbukwa na watu wote. Kwao yeye alikuwa mwajiri. Alinyonywa juu, na chini yake wapo waliouza jasho lao kwa bei ya siku. Kosa la kusema "ni tajiri, halituhusu" na kosa la kusema "ni mtumwa mwenzetu" ni makosa mawili yanayozaliwa na uvivu mmoja wa kutochambua.

Linalonishughulisha zaidi ni namna alivyopigana. Kesi ilikuwa ya mtu mmoja na mawakili wake. Angeshinda, mikataba ya wengine wengi ingetikisika, na makampuni yote yaliifuatilia kwa hofu. Lakini ule ugomvi haukuwa na jeshi nyuma yake. Wachimba makaa aliowaimbia mwaka 1984 nao walishindwa, Machi 1985. Wengi wao walirudi migodini kwa maandamano, nyuma ya bendera za chama chao na tarumbeta za bendi zao, na hakuna aliyeweza kununuliwa atoke peke yake. Yeye alinunuliwa. Mwaka 1995 DreamWorks ya Marekani na Virgin, iliyokuwa tayari mikononi mwa EMI, ziliilipa Sony ili imwachilie, na mwaka 1996 ikatoka Older. Imani ile ya mwenye mkahawa, kwamba mtu hujikomboa mwenyewe, ilimfikisha kwa tajiri mwingine.

Mwaka 2002 alitoa Shoot the Dog, wimbo wa kuwakejeli Blair na Bush wakati vita vya Iraki vikiandaliwa, akashambuliwa vikali na magazeti ya pande zote mbili za bahari. Mwaka 2003, mwaka ule ule ambao mkataba alioupinga mahakamani ungefikia kikomo, alitia saini tena na Sony. Desemba 2006 aliwaimbia wauguzi wa hospitali za umma bila malipo huko Roundhouse, London, kwa kuwashukuru walivyomuuguza mama yake. Alifariki Desemba 25, 2016. Januari 2021 Last Christmas ilifika nafasi ya kwanza nchini Uingereza kwa mara ya kwanza, miaka 36 tangu itolewe, na santuri yake ilikuwa ingali mali ya Sony.