Sifuri Iliyopotea

Chukua jedwali la wateja la mfumo ulioanzia Dar es Salaam. Aliyeliunda aliona namba ya simu ni namba kama namba nyingine, akaipa safu ya tarakimu. Kwenye hesabu sifuri ya mwanzo haina thamani, basi kompyuta ikaidondosha, kila mteja akabaki na tarakimu 9. Hakuna aliyeumia, maana programu iliirudisha sifuri hiyo kila ilipoonyesha namba. Kisha biashara ikajiandaa kuvuka mpaka kuingia Kenya na Uganda, ambako nako simu za mkononi, ukitoa sifuri, zina tarakimu 9. Sasa namba hii ni ya nchi gani? Jedwali halijui.

Kazi ya kurekebisha jedwali la namna hii ndiyo inayonifanya niuheshimu ufundi wa maigresheni. Maigresheni ni faili fupi linaloeleza badiliko moja la umbo la kanzidata: ongeza safu hii, hamisha data ile. Hukaa pamoja na msimbo wa programu, na kanzidata yenyewe hutunza jedwali dogo la kukumbuka zipi zimeshapita. Ruby on Rails iliueneza utaratibu huu tangu 2005. Django iliuingiza rasmi katika toleo la 1.7, mwaka 2014, baada ya watumiaji wake kuutegemea kwa miaka mradi wa South wa Andrew Godwin. Bila utaratibu huo, mtu huingia kwenye seva, huandika amri kwa mkono, na habari ya alichokifanya hubaki kichwani mwake.

Fundi mzuri haanzi kwa kuigusa safu ya zamani. Anaongeza safu mpya ya maandishi, ikiwa tupu. Programu inarekebishwa iandike katika safu zote mbili, ya zamani na mpya. Ndipo rekodi za nyuma zinapojazwa, fungu dogo baada ya fungu, kila namba ikiwekewa +255 mbele, kwa kuwa wateja wote walioandikishwa kabla ya kuvuka mpaka walikuwa na namba za Tanzania. Ukweli huo wafanyakazi wa zamani waliujua tu. Sasa umeandikwa ndani ya faili, na atakayeajiriwa baadaye ataukuta. Ujazaji ukikamilika na kuhakikiwa, programu inaanza kusoma safu mpya.

Mbona mzunguko wote huo? Kwa PostgreSQL, kugeuza safu ya tarakimu kuwa ya maandishi kwa amri moja hulazimisha jedwali zima kuandikwa upya, nalo hufungwa hata kwa wanaotaka kusoma tu. Jedwali likiwa na mamilioni ya rekodi, keshia anasimama na mteja mbele yake. Hata amri nyepesi ina hatari yake: ikikuta swali refu halijamalizika, inasubiri, na maswali yanayokuja baadaye yanapanga foleni nyuma yake. Kwa hiyo fundi huiwekea kikomo cha kusubiri. Kikifika, amri ijiondoe, ijaribiwe tena baadaye. Uangalifu huu ni adabu kwa watu walio kazini, nami nauthamini kuliko wepesi wowote wa kuandika msimbo.

Maigresheni iliyokwisha kupita haihaririwi. Kama mhasibu asiyefuta ingizo la jana bali huongeza jingine la kulisahihisha, fundi huandika faili jipya. Akilihariri la zamani, kanzidata zilizokwisha kulipitisha hazitalirudia, ila mpya italipitisha lilivyo leo, na tofauti hiyo inaweza kukaa miezi bila kugunduliwa.

Inabaki kuiondoa safu ya zamani, kwa toleo jingine kabisa, kwa sababu wakati wa kusambaza toleo jipya seva nyingine huwa bado zinaendesha la zamani. Maigresheni huweza kuwa na njia ya kurudi nyuma, lakini hapa kurudi kungeleta safu tupu. Rails ina kosa maalumu la kutangaza kwamba badiliko halirudishiki, na namwamini zaidi fundi anayelitumia kuliko anayeandika njia ya kurudi isiyofika popote. Huyo wa kwanza huchukua nakala ya akiba, huifungua kwenye mashine nyingine, huhesabu rekodi, huzilinganisha namba kadhaa za zamani na mpya, ndipo anapoiruhusu amri ipite.