Msomaji wa Kawaida Si Mgeni Katika Fasihi

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika kifungu chake cha 15, ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau mbele ya wale anaowaongoza. Wengi wetu tumekisoma kifungu hicho tukiwafikiria mabwana wakubwa wa maofisini. Hatukujiuliza kama kinatuhusu sisi wakufunzi tunapokaa na wananchi kujadili kitabu. Kinatuhusu sana.

Takwimu za Serikali zilionyesha kwamba mwaka 1967 watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 walikuwa wamebaki chini ya 10. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Umma ulikwisha thibitisha, basi, kwamba unaweza kuyakabili maandishi na kuyatolea uamuzi. Hata hivyo, vikundi vingi vya fasihi vimebaki mali ya waliosomea fasihi. Mkulima akialikwa, hualikwa kusikiliza.

Tutoe mfano wa makosa yetu wenyewe. Tulipoongoza majadiliano juu ya Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, tulianza kwa hotuba ndefu kuhusu shujaa wa tanzia na mgogoro wa nafsi. Wanafunzi wakaandika, wanakijiji wakanyamaza. Tulidhani kimya kile ni heshima, kumbe tulikuwa tumewafungia mlango. Mwishowe mzee mmoja, mkulima wa pamba, aliomba ruhusa akauliza: "Ndugu mwalimu, wanaume hawa siku zote wako kwenye shamba la Mzungu, kisha wanakwenda vitani. Chakula cha watoto analima nani?"

Baadhi yetu tuliona swali hilo liko nje ya fasihi. Tulikosea. Tamthiliya yenyewe inaanza kwa wanawake wanaolalamikia uhaba wa chakula, nasi tuliuruka mwanzo huo kukimbilia maji ya Kinjeketile. Mzee aliturudisha kwenye mzizi: pamba ya lazima iliwanyang'anya watu siku za kujilimia, na njaa ikawa chanzo cha vita kabla haijawa matokeo yake. Historia inamuunga mkono. Katika vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Tangu hapo mjadala wetu ukabadilika. Hatukuuliza tena kama watu walidanganyika. Tuliuliza ni hali gani iliyowafanya walihitaji neno la kuwaunganisha.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hatusemi kwamba kila kauli ya mkulima ni sahihi kwa kuwa ni ya mkulima. Kumbembeleza msomaji ni dharau ya aina nyingine. Katika kikao kile kile msomaji mmoja alishikilia kwamba mwandishi anawacheka wazee kwa imani yao. Tulimwomba atuonyeshe mahali. Tukasoma pamoja sehemu ya mwisho, ambapo Kinjeketile, akiwa mfungwa, anakataa kuwatangazia watu kuwa maji yalikuwa uongo. Msomaji yule akabadili kauli yake kwa ushahidi wa kitabu, si kwa cheo cha mkufunzi.

Kazi iliyo mbele yetu ni hii. Kwanza, kitabu kisomwe kwa sauti, maana nakala ni chache na macho ya wengine yamechoka. Pili, swali la kwanza litoke kwa msomaji, na mkufunzi aseme mwisho. Tatu, istilahi ije baada ya jambo lenyewe kueleweka, isije kabla yake kama askari wa mlangoni. Nne, kila dai, liwe la mkufunzi au la mkulima, lipimwe kwenye ukurasa.

Baada ya kikao mzee alituambia kwamba swali lile alikuwa nalo tangu mwanzo, ila alidhani ni la kijinga. Ndugu wasomaji, tujiulize: ni maswali mangapi ya namna ile yamerudi nyumbani bila kuulizwa, kwa sababu ya namna tulivyofungua kikao?